Mama kayumba karibu miaka miwili, hawa ndo wa kwanza kumwangalia miguu

Nyota nne kwa hii kliniki ya fiziotherapia, ya tano ntasema chini kwa nini nimeizuia.

Mama ana miaka 67, sukari anayo mwaka wa 12 sasa na metfomini anameza asubuhi na jioni. Kuyumba kulianza taratibu, sisi tukawa tunaita kizunguzungu, na hilo neno ndo lilitupoteza jamani, maana kila tulipoenda ukishasema kizunguzungu wanaandika presha au masikio, akameza dawa za masikio mwezi mzima, siti skani ya kichwa ikarudi safi, sehemu nyingine wakampa foliki asidi eti aongeze damu, na hali inazidi tu. Umeme ukikatika usiku hatembei hata hatua mbili. Akitia udhu, akifumba macho anawe uso, anapepesuka mpaka adake sinki.

Kaka wa hii kliniki alimwamkia, akamkalisha, akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza: mama, vitu vinakuzunguka au kichwa kiko sawa ila miguu ndo huiamini? Mama akajibu hapohapo, mwanangu kichwa changu kizima kabisa, ila nikikanyaga chini ni kama nakanyaga godoro.

Basi akamsimamisha miguu imegusana, macho wazi akasimama vizuri, akamwambia fumba macho, huyu hapa anaenda chini akamdaka (alikuwa kashajipanga nyuma yake). Kipimo kinaitwa Romberg. Halafu akatoa kile kichuma chenye meno mawili, anakigonga kinatetemeka, akamuwekea kwenye dole gumba la mguu mama hasikii kitu, kwenye kifundo kwa mbali, gotini ndo akasikia. Akatuelezea kwamba mtu anasimama kwa kutumia vitu vitatu, macho, sikio la ndani, na mishipa ya fahamu inayoupa ubongo habari za miguu ilipo. Ya mama ya miguu imekata, kwahiyo anaishi kwa macho, ndo maana giza linamwangusha. Mimi nilikaa pale machozi yananilenga, kumbe lile la udhu lilikuwa linatuambia kila siku.

Hakuanza mazoezi siku hiyo na hapo ndo nilimheshimu zaidi. Aliandika barua twende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akasisitiza apimwe vitamini B12 kwa sababu metfomini ya miaka mingi inapunguza mwili kuifyonza. Majibu yakaja, iko chini sana. Daktari akatuambia foliki asidi peke yake inaweza kurekebisha damu ikaonekana nzuri huku mishipa inaendelea kuharibika, kwahiyo mwenye mgonjwa anayeyumba ulizia B12 kwanza. Ila msiache metfomini kienyeji, mama bado anaitumia, kaongezewa sindano za B12 tu.

Mazoezi yalianza wiki ya pili ya sindano, mara mbili kwa wiki, elfu 30 kila ukienda na ni keshi. Anasimama kwenye kona ya ukuta na kiti mbele, anatembea kisigino kinagusa vidole pembeni ya meza, anakaa anainuka bila kushika. Wanarekodi kwenye simu yako ili nyumbani msikosee. Wakatuambia pia tutoe mkeka wa sebuleni, taa ndogo iwake korido usiku kucha, malapa yaishe avae kiatu kinachoshika mguu. Hivi vya nyumbani havikutugharimu hata elfu 50 na tangu hapo hajaanguka.

Sasa hivi ni mwezi wa nne tangu tuanze, anaenda dukani mwenyewe na fimbo. Ganzi ya vidole bado ipo, na walitwambia wazi tangu mwanzo kwamba mishipa iliyokaa kuharibika muda mrefu inaweza isirudi yote, nashukuru hawakutudanganya.

Nyota ya tano: ngazi tisa za kuingilia hazina pa kushika. Wateja wenu ni watu wanaoyumba jamani, wekeni bomba hata la upande mmoja, nimeshawaambia mara mbili. Mpaka waweke, mpige simu mkifika getini wanatuma kijana anakuja kumshika mgonjwa, na Jumamosi muwahi saa mbili, saa nne foleni ishafika nje.