Kigeji cha shilingi 90,000 kimenifichulia regulata mbovu

Assalamu alaikum jamani, karibuni. Mnaisikia hiyo mvua juu ya bati? Ndiyo masika ya Nungwi hiyo. Boti zimepandishwa juu, wageni wachache, na kwetu sisi tunaozamia huu ndio msimu wa kufungua vifaa. Mezani leo nina kitu nilichokisubiri wiki tano. Hiki hapa, kigeji cha kupima shinikizo la hewa ndani ya regulata, kinaenea kiganjani. Jana nimekaa nacho mpaka saa nane usiku, mke wangu kaja kuniuliza mara mbili kama nalala au silali.

Regulata yenyewe, kifaa cha kupumulia chini ya maji, sitaieleza mwanzo mpaka mwisho, wengi wenu mnaijua. Sehemu moja inafungwa mtungini, inaishusha hewa kutoka shinikizo la baa 200 mpaka baa tisa na kitu. Nyingine unaiuma mdomoni, inamalizia kuishusha ilingane na maji uliyomo. Baina yao kuna mpira, na hewa iliyomo kwenye mpira huo ndiyo hakuna anayeitazama. Ile geji unayoshuka nayo inakwambia mtungi una hewa kiasi gani. Hali ya regulata haikwambii. Hii inakwambia, na ndiyo maana nina furaha hivi.

Inachomekwa kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye jaketi la kuelea, pale pale kwenye kaplingi, kile kiungio cha mwisho wa mpira. Hapa nina lawama moja: hii shingo ya kaplingi ni ngumu, na ukiwa na mikono yenye maji inachuna vidole. Tena namba za psi, kipimo kingine cha shinikizo, wameziandika kubwa nyeusi, za baa ndogo nyekundu, na kioo hakina mpira wa kukilinda. Nimekizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, kinatosha.

Sasa tazameni. Hii ni MK2 ya Scubapro, regulata yangu ya kazi. Hii naipenda kwa sababu ndani ina pistoni moja, springi moja na oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, za kuhesabika. Mtungi una baa 200. Nafungua taratibu, kioo cha geji nimekielekeza ukutani, si usoni kwangu, na nyinyi mfanye hivyo hivyo. Na ile ya mdomoni lazima iwe imefungwa kwenye regulata, msipime bila yake. Shinikizo likipanda kupita kiasi, yeye ndiye atakayelitoa.

Sindano imeruka. Tisa na nusu, kidogo juu yake. Nabonyeza kitufe cha kupuliza... imeshuka nane na nusu, nimeachia, imerudi pale pale. Imekaa. Ngojeni, nisiseme kitu, tuitazame tu.

Mnaona? Dakika nzima haijasogea hata unywele. Regulata nzima ndivyo inavyokuwa. Kawaida ni baina ya baa tisa na kumi, na cha muhimu zaidi ni kwamba inapofika, ikae.

Nitoke kidogo hapo. Kuna aliyeniuliza chini ya video iliyopita, mbona ukishuka mita 20 hewa inatosha wakati maji yanakukandamiza. Regulata inayahisi maji. Kwenye MK2 maji ya bahari yanaingia kwa hivi vitundu hapa, yanaisukuma pistoni pamoja na springi, basi kila mita kumi inaongeza baa moja yenyewe. Ndiyo maana pia chumvi inakaukia humo ndani kwenye springi. Na ndugu zangu wa kaskazini, maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Unaisuuza regulata kila siku kwa uaminifu kabisa, kumbe unaiongezea chumvi. Mimi natumia maji ya mvua. Hiyo mnayoisikia juu ya bati inaingia kwenye mapipa mawili nje, nayachemsha vuguvugu, naichovya regulata ikiwa imefungwa mtungini na hewa imefunguliwa ili maji yasipate njia ya kuingia. Nusu saa. Usiibonyeze kitufe ikiwa ndani ya beseni bila hewa, utayapeleka maji mpaka ndani.

Haya, ya pili. Hii pia ni ya pistoni, ya jamaa yangu, imetoka sevisi mwaka jana. Alikoipeleka sitapataja. Kwa macho inang'aa. Lakini hebu nisogeze kamera hapa kwenye mdomo wa kuingilia hewa. Kile kichujio mnakiona rangi yake? Kijani. Kijani maana yake maji yamepita hapa na shaba imeanza kuoza. Kingekuwa chekundu ningesema kutu ya mtungi wa chuma. Kichujio ni kitu kidogo cha kubadilishwa kila sevisi, na mtu kalipa pesa yake kamili, karudishiwa kilekile. Hilo limeniudhi jana na linaniudhi mpaka sasa.

Nafungua hewa. Tisa na nusu, sawasawa na yangu. Nabonyeza, naachia. Tisa na nusu tena. Mtu angeishia hapa akasema nzima. Subirini.

Tisa nukta saba... Inapanda. Sijagusa kitu, mikono hii hapa. Kumi. Inakwenda polepole, kama maji yanavyoingia mtumbwini kwa tundu la sindano. Kumi nukta nne. Saa yangu inasema sekunde arubaini. Kumi na moja... sikilizeni sasa, naisogeza ile ya mdomoni karibu na maikrofoni.

Sss. Mmesikia? Imeanza kupuliza peke yake. Hapa wengi wanakosea: anasikia inavuja mdomoni, anaifungua ya mdomoni, anaikaza springi, anajisifu kwamba ametengeneza. Ugonjwa uko kwenye ile sehemu inayofungwa mtungini. Siti ya plastiki, pale pistoni inapokalia, imechimbika au imeingiwa na uchafu. Haizibi vizuri, na hewa ya baa 200 inapenya kidogo kidogo. Ukiikaza ile ya mdomoni umenyamazisha kengele tu, ndani nyumba inaendelea kuwaka.

Na majini huioni, kwa sababu unavuta pumzi kila baada ya sekunde chache na shinikizo halipati muda wa kupanda. Jamaa yangu ameshuka nayo kisiwani Mnemba msimu mzima.

Basi, mnunue? Niliporekodi mara ya kwanza asubuhi nilisema kila mzamiaji awe nayo. Nimefikiri tena. Kama unazamia mara tano kwa mwaka kwa vifaa vya kukodi, anza na vya bure. Kwanza, mtungi ukiwa umefungwa na hewa imetoka yote, vuta kwa mdomo. Isije hewa hata kidogo. Ikija, diaframu, ule utando wa mpira ndani ya ile ya mdomoni, imechanika, au valvu ya kutolea pumzi, au mpira wa mdomoni umetoboka chini ya ile zipu tai, na hapo ndipo unapotoboka sana. Pili, beseni na rula. Fungua hewa, ishushe ile ya mdomoni taratibu, sehemu ya kuuma ikitazama juu. Ikianza kulia maji yakiwa yamepanda sentimita mbili na nusu mpaka tatu na nusu, iko vizuri. Lakini kwa anayeongoza wageni, anayebeba roho za watu kila siku, ndiyo, nunua, na usingoje masika.

Mimi nimelipa 90,000 pamoja na usafiri. Zipo za dijitali, bei mara tatu, na siioni faida, kwa sababu namba zinabadilika lakini huoni mwendo. Sindano unaiona inatambaa. Zipo pia za kukaza kwa spana moja kwa moja kwenye tundu la regulata, ni imara, ila kila ukipima unafungua oringi. Na mnaoniuliza kuhusu geji ya tairi, hapana, hiyo iacheni.

Jambo moja nalisema kwa dhati. Kupima ni kwenu nyote. Kufungua siyo. Mimi nimekaa na fundi masika mbili ndipo nikaigusa pistoni peke yangu, na vipuri viwanda vingi havimuuzii mtu asiye na cheti. Mnachoweza kubadilisha nyumbani ni oringi ya mtungi, ile namba 014, na mpira wa mdomoni. Oringi itoeni kwa kijiti cha shaba au plastiki, sindano ya chuma inakwaruza mahali pake na hapo itavuja daima. Grisi ni ya silikoni, chembe tu, ing'ae basi. Kwa wanaotumia oksijeni kali hiyo silikoni ni hatari ya moto, kuna grisi yake maalumu.

Wiki ijayo, Inshaallah, siti mpya ikifika tutaifungua hii mbele yenu, na tumekaribia watu 4,000 hapa, shukrani sana. Sasa nafunga mtungi. Nabonyeza, hewa itoke... sindano imelala sifuri. Hii naifunga utepe mwekundu, naitundika juu kabisa, na jioni nampigia mwenyewe simu asije akaichukua kesho.