Trela ya kulala ya baiskeli: kuta za kitambaa au paneli ngumu?

Chukua chumba cha urefu wa mita 2, upana wa mita 0.8 na kimo cha mita 1. Kuta na paa ni mita za mraba 7.2. Kwa polyesta isiyopitisha maji ya gramu 150 kwa mita ya mraba, hiyo ni kilo 1.1 tu, kabla ya fito za alumini. Paneli za povu gumu la milimita 20 zilizopakwa faibaglasi pande zote mbili huwa karibu kilo 1.5 kwa mita ya mraba: takriban kilo 11, bila bawaba. Kwenye mlima wa asilimia 6, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, kila kilo 10 za ziada hudai wati 13 hivi kutoka miguuni.

Paneli zina raha yake: joto hubaki ndani, na kelele hupungua. Lakini bawaba ndizo zinazoziua. Skrubu iliyoingia kwenye povu hung'oka mapema, kwa sababu povu halina cha kuishika. Pachika kipande cha mbao ngumu ndani, kwa gundi ya epoksi, kabla ya kupaka faibaglasi.

Kitambaa huvuja kwenye mishono, basi kizibe kwa silikoni au utepe kulingana na mpako wake. Acha pia matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu, la sivyo pumzi zako zitadondoka kama maji alfajiri.

Kwa safari yenye milima, kitambaa. Paneli zifae tambarare zenye baridi.