Karakana ya useremala ya Mikindani na banda langu lililooza

Banda langu la zana za bustani lipo Mikindani, umbali mfupi kutoka ghubani, na lilijengwa miaka tisa iliyopita kwa mbao laini za msonobari. Mvua za Aprili zilipoisha, mlango wake ulianza kugoma kufunga, nami nikadhani kwamba bawaba zimelegea. Nilipouondoa mfuko wa salfa ya mikorosho uliokuwa umeegemezwa ukutani, ambao ulikuwa umeshika unyevu na kuganda mabonge, niliona kwamba mbao ya chini inayobeba ukuta wa nyuma imegeuka kahawia na inameguka vipande vidogo vya pembe nne, mithili ya mkaa uliolowa.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka shilingi 150,000 ili apigilie mbao mpya juu ya zile mbovu, kisha apake rangi ya mafuta. Bei ilinivutia, sikatai, lakini kuvu wanaoozesha mbao wangeendelea na kazi yao nyuma ya rangi hiyo, na unyevu uliokwisha kuingia usingepata pa kutokea.

Fundi mkuu wa karakana ninayoizungumzia hapa, ambayo ni ndogo na haina hata kibao, alikuja na patasi na hakutaja bei kwa karibu saa nzima. Alichoma kila nguzo kuanzia chini kwenda juu, akaweka alama ya chaki mahali patasi ilipoanza kugoma kuzama, ndipo akageukia suala ambalo mwenzake hakuligusa, yaani maji yanatoka wapi. Majibu yalikuwa mawili. Bati la nyuma lilikatwa fupi, hivyo matone yaliangukia chini ya ukuta na kuurushia tope. Na tuta la mchicha, ambalo nililiinua mwenyewe mwaka hadi mwaka bila kufikiri, lilikuwa limefukia mbao ya chini kwa kiasi cha kiganja.

Kazi ilifanyika Julai, upepo wa kusi ukivuma, na hilo lilisaidia. Baada ya kuondoa udongo na kung'oa mbao za ukutani, aliliacha banda wazi wiki mbili likauke, jambo lililoniudhi wakati ule kwa kuwa majembe na bomba la kupulizia dawa vililala sebuleni. Nguzo tatu zilikatwa sentimita 30 juu ya alama za chaki, kwenye mti mzima, zikaungwa kwa mkato wa mshazari na vipande vya mbao iliyotiwa dawa, na kila ncha iliyokatwa ikapakwa dawa upya, kwa sababu dawa ya kiwandani haifiki kiini cha mbao na ncha hunywa maji kuliko ubavu. Vitako vya zege viliinuliwa sentimita 20 kutoka ardhini, na kati ya zege na mbao ikatandikwa nailoni nzito. Bati jipya sasa limetokeza nje vya kutosha.

Nililipa shilingi 380,000 pamoja na vifaa, fedha ambayo kwa banda la ukubwa huu si ndogo. Walichelewa siku nne kuliko walivyoahidi, na hawakunipigia simu. Kosa kubwa zaidi liko mlangoni: kijana aliyeumalizia alitumia misumari ya kawaida badala ya ile iliyopakwa zinki, na kwa hewa ya chumvi ya hapa, kufikia Novemba kila kichwa cha msumari kilikuwa kimeteremsha mchirizi wa kutu. Nilipolalamika, walirudi wakaibadilisha bila malipo, ingawa madoa yamebaki.

Mvua za Desemba na Januari zimepita. Nimeichoma mbao mpya ya chini kwa kisu katika sehemu sita, na kisu hakizami. Karakana hii nitaipa pia kazi ya banda la kuku, ila misumari nitanunua mwenyewe.