Uzoefu wangu: kunakili daftari za kanisa za Kijerumani kutoka kwenye mikrofilamu

Mume wangu ni Mmarekani, na mababu zake walihama kutoka Pfalz, magharibi ya Ujerumani, kijiji kimoja jirani na Kusel. Mama mkwe alikuwa na kipande cha karatasi chenye jina la hicho kijiji, basi. Macho yake yameshachoka, hivyo kazi ikaniangukia mimi, mtoto wa Tanga, nisiyejua Kijerumani hata cha kuombea maji.

Nilianza 2016. Wakati huo FamilySearch, shirika la kutafuta historia za koo, walikuwa bado wanaazimisha mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogondogo za kurasa za daftari: unaagiza rola, unalipia, unasubiri wiki kadhaa, kisha unakwenda kuisomea palepale kituoni ilipopelekwa. Kwenda nayo nyumbani hairuhusiwi. Mashine niliyopewa ilikuwa ya kizamani kweli. Taa iko juu, picha inashuka mezani, filamu unaizungusha kwa mkono. Printa haikuwa inafanya kazi. Nilikasirika, lakini leo nashukuru.

Kwa nini? Kwa sababu picha ikishuka mezani unaweza kuweka karatasi nyeupe chini yake, maandishi yakatua juu ya karatasi, ukayafuatisha kwa penseli. Ndivyo nilivyofanya, saa nzima kwa maingizo mawili, kama mtoto wa chekechea. Mwandiko wenyewe, wa Kijerumani cha zamani, unaitwa Kurrent. Herufi e inafanana na n, na u inavalishwa kamstari kaliopinda kichwani ili usiichanganye na n. Kwa macho sikuwa naona kitu zaidi ya meno ya msumeno. Mkono ndio uliozoea kwanza. Neno la kwanza kulisoma peke yangu lilikuwa kazi ya msimamizi wa ubatizo: Schulmeister. Nikacheka peke yangu pale, maana "shule" yetu sisi tumeitoa hukohuko.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutafsiri huku nanakili. Penseli ilifuatisha "7bris", daftari langu likaandika Julai. Mswahili gani angeandika vingine? Mwezi wa saba ni Julai! Nilishtuka wiki mbili baadaye nilipoona kwamba ingizo la juu yake ni la Agosti. Mchungaji haandiki kwa kurudi nyuma. Kumbe hiyo 7 ni ya Kilatini, septem, yaani Septemba. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba na Xbris ni Desemba. Kama nisingekuwa na ile karatasi ya penseli, Julai yangu ingebaki kwenye mti wa ukoo mpaka leo.

Jambo jingine ni majina. Karibu kila mvulana ni Johann, kama nyumba za kwetu zenye Mohamed watatu, na anayeitwa kwa jina hilo ni wa kutafuta; jina analoitiwa ni lile la pili. Wanawake nao wanaongezewa -in mwishoni mwa jina la ukoo: binti wa Müller anaandikwa Müllerin. Usimfanye kuwa ukoo mpya.

Septemba 2017 uazimishaji ulisimamishwa. Mwaka 2019 nikaenda maktaba kubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari, yenye mashine ya kuskani filamu moja kwa moja kwenye flashi. Hapo ni raha tupu. Unapunguza mwanga, unaongeza weusi wa wino, filamu yenye maandishi meupe kwenye weusi unaigeuza kwa kubonyeza mara moja. Mchana mmoja nilipata kurasa zaidi ya 60. Ila ujanja uliniponza: nilikata kila picha nibaki na ingizo letu tu, ili flashi isijae. Nyumbani nikagundua kwamba mwaka umeandikwa juu ya ukurasa, mara moja tu, na mimi nimeukata. Saa mbili kwenda tena, mbili kurudi. Skani ukurasa mzima, na jina la faili liwe na namba ya filamu.

Ukifika 1798 na kuendelea, Pfalz iko chini ya Wafaransa. Kuna daftari za serikali kwa Kifaransa, na hadi mwisho wa 1805 tarehe ni za kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, yenye miezi na miaka yake tofauti na yetu. Tafuta jedwali la kubadilishia kabla hujaondoka nyumbani.

Siku hizi rola zote milioni 2.4 za FamilySearch zimeshageuzwa kuwa za kidijitali, tangu 2021, na nyingi unazifungua ukiwa kitandani, ingawa baadhi zinaonekana vituoni tu. Lakini hizo ni picha za picha. Palipoingia kwenye mkunjo wa kitabu siku ya kupigwa filamu pamebaki giza vilevile. Kwa kurasa za namna hiyo jaribu tovuti ya Archion, ya daftari za Kiprotestanti, kwa malipo; au Matricula kwa za Kikatoliki, ambayo ni bure.

Skana naipa nyota nne. Ya tano naipa penseli.

Mama mkwe sasa ana ukoo wake kuanzia 1742. Bado limenishinda neno moja, kazi ya babu wa mwisho kabisa. Linaanzia na L au B, lina n mbili katikati, au e mbili. Nimelifuatisha mara tatu.