Dola za kwenda Dubai: nimelinganisha foreksi za taoni, benki, kadi na uwanja wa ndege, hesabu yangu ni hii

Nimeenda Dubai mara tatu sasa kuleta mikoba na viatu vya watoto, niko na stoo kwa eksibisheni moja hapo Moi Avenue, na kila safari nimebadilisha pesa kwa njia tofauti juu hakuna mtu alinikalisha chini akanieleza, kila mtu anakwambia tu nunua dola mapema, basi. Sasa dada wa stoo ya jirani anasafiri mwezi ujao na ameniuliza mara nne, kwa hivyo wacha niandike yote hapa, na wengine pia mfaidike.

Kitu cha kwanza kabisa, usiingie kwa foreksi, yaani duka la kubadilisha pesa, ukauliza reti ni ngapi halafu ukatosheka. Uliza hivi: nikikupa laki tatu, natoka hapa na dola ngapi mkononi? Hilo swali moja linamaliza maneno yote ya komisheni na makato na sijui nini.

Safari ya pili ndio nilifanya vizuri zaidi kwa hivyo naanza nayo. Nilitaka dola 2,400. Asubuhi kabla sijatoka nyumbani nikafungua tovuti ya Benki Kuu, kila siku ya kazi huwa wanaweka bei ya wastani ya dola, yuro, pauni na hizo zingine, siku hio dola ilikuwa 129 na senti kadhaa. Bei hio hakuna mtu atakuuzia, lakini ndio mizani yako, foreksi ikikutajia 130 au 131 wako sawa, ikikutajia 134 toka uende. Nikaanzia Kenyatta Avenue nikashuka Kimathi nikamalizia Mama Ngina, foreksi tano ndani ya saa moja hivi, zote kwa miguu. Wa kwanza 131.50, wa pili 131.50, wa tatu 131, wa nne akaniambia dola zimeisha nirudi saa nane. Na uangalie ubao vizuri, kuna safu mbili za namba, moja ni ya kununua na nyingine ya kuuza, na hapo ni duka linaongea sio wewe. Wewe ukitaka dola, soma safu ya kuuza, hio kubwa. Nimeona mama mmoja amekuja na hesabu yake yote kwa karatasi ameifanya na ile namba ndogo, akafika kwa dirisha pesa ikapungua, nilimhurumia sana.

Wa tano ubao ulisoma 130.80. Kijana wa kwa dirisha akaniuliza, "Mama, unataka ngapi?" Nikamwambia elfu mbili na mia nne. Akabonyeza kikokotoo chake akakigeuza nione, 130.20. Yaani hata sijaomba. Kwa hivyo taja kiasi kwanza, kama sio kidogo sana utapunguziwa, na kama hakupunguzii omba, "kaka nifanyie bei ya mteja", hawakasiriki.

Jumla ikawa 312,480. Siku hio hio benki yangu ilikuwa inauza 133, hio ingekuwa 319,200. Tofauti ni 6,720 na nimetembea tu saa moja, mimi hizo ni pea kadhaa za viatu vya watoto.

Kulipa sikubeba pesa taslimu, tafadhali usitembee taoni na laki tatu kwa mkoba. Kuna foreksi zinakubali M-PESA na zingine unatuma kutoka benki, uliza kabla. M-PESA haipitishi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja kwa hivyo nilituma mara mbili, 250,000 halafu 62,480, na uhesabu makato ya kutuma. Beba kitambulisho ama pasipoti, wataandika, na wakupe risiti yenye jina la duka na reti waliyokuuzia. Leseni ya Benki Kuu huwa imetundikwa ukutani, na orodha ya foreksi zenye leseni iko kwa tovuti yao, kama duka hulijui liangalie huko kwanza.

Sasa hapa kwa noti ndio nataka msome polepole.

Safari ya kwanza nilipewa dola na foreksi moja nikaziweka kwa bahasha bila kuangalia, nilikuwa na haraka na kulikuwa na watu nyuma yangu. Nikafika Deira, mtaa wa biashara huko Dubai, nikaingia duka la kubadilisha pesa, yule bwana akazipitisha kwa mashine halafu akaanza kuzitoa moja moja kwa mkono. Noti mbili za mia akazisukuma upande wangu. Moja ilikuwa na muhuri mdogo wa wino wa zambarau, mdogo kama punje ya dengu, karibu na ile picha ya kichwa cha Franklin. Nyingine ilikuwa imechanika pembeni, mchaniko wa urefu wa kucha hivi, na mtu ameuziba na selotepu unaong'aa ambao ukiangalia noti moja kwa moja huuoni, mpaka uiinamishe kwa mwanga. Akasema hizi hapana. Nikaenda duka la pili hapana, la tatu akakubali ile ya muhuri kwa bei ya chini sana, ya selotepu nikarudi nayo Nairobi. Nikaenda pale pale waliponiuzia, wakaniambia ukishatoka kwa dirisha hatujui umeitoa wapi. Na kweli sikuwa na la kujibu. Hio ni dola mia, karibu shilingi elfu kumi na tatu, ya mtu anayeuza viatu vya mia nane.

Kwa hivyo safari ya pili nilisimama kwa dirisha na nikaangalia noti zote ishirini na nne. Moja moja. Mbele, nyuma, nikiinamisha kwa taa, nikipitisha kidole pembeni. Nikarudisha tatu, moja ilikuwa na namba imeandikwa na kalamu, mbili zimechakaa. Kijana akazibadilisha bila maneno. Watu wa laini walivuta pumzi lakini wacha wavute. Omba zile mpya zenye utepe wa samawati, zilianza kutoka 2013, na zile za kichwa kidogo za kabla ya 1996 usizikubali kabisa, Marekani bado ni pesa halali lakini kwa foreksi nyingi utakatwa ama utakataliwa. Ukishazipata usizikunje, mimi naziweka ndani ya daftari gumu.

Swali ambalo naulizwa sana, si ununue dirham, pesa ya Dubai, hapa hapa Nairobi umalize? Nimepiga hesabu. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725, haipandi haishuki. Kwa hivyo Deira kila duka la kubadilisha linakupa karibu hapo hapo, mimi nilipata 3.65. Dola zangu 2,400 zikawa dirham 8,760, ukigawanya ile 312,480 dirham moja imenigharimu 35.67. Siku hio taoni dirham ilikuwa inauzwa 36.40, kwa hivyo 8,760 ningelipa 318,864, yaani zaidi ya elfu sita juu. Sababu ni kwamba dirham taoni si nyingi kama dola, duka linaweka faida pana zaidi. Nunua dirham mia mbili tatu tu za kutoka nazo, za teksi ama metro na maji, hizo zingine beba dola. Anayeenda Saudia hesabu ni ile ile, riyal imefungwa 3.75. India pia beba dola na ubadilishe ukifika. Na shilingi yetu usiibebe ukitegemea kubadilisha nje, utaumia.

Benki siwezi kusema ni mbaya. Noti zilikuwa safi, hakuna wasiwasi, hakuna kuzunguka. Lakini walitaka niwe na akaunti kwao, tawi la karibu na nyumbani halikuwa na dola nikatumwa tawi kubwa, nikangoja dakika arobaini na bei ni hio nimesema. Mtu anayebeba pesa ya matibabu ya mzazi, ambaye akili haiko kwa kuzunguka, aende benki na asijilaumu.

Kadi nilitumia mara moja, dirham elfu moja za mikoba. Benki ikanikata 37,120, wakati kwa pesa taslimu ingekuwa 35,670. Elfu moja mia nne na hamsini zimeenda hivyo. Na hapo nilikuwa nimechagua vizuri, juu ile mashine ya dukani inakuuliza ulipe kwa dirham ama kwa shilingi za Kenya, na shilingi inaonekana tamu kwa sababu unaielewa, usiiguse, hapo wanakubadilishia kwa bei yao wenyewe. Chagua dirham kila mara. Kadi nabeba kama akiba tu, mambo yakiharibika. Hoteli nililipa nikiwa bado Nairobi na kadi ya GlobalPay ya M-PESA, ilifanya kazi bila shida.

Uwanja wa ndege, JKIA, usiku wa safari ya tatu ubao wa foreksi ulikuwa unasoma 136. Sikununua hata moja.

Isili (Eastleigh) nimeenda mara moja na binamu yangu, bei ilikuwa nzuri hata kushinda taoni kidogo, dola zimejaa juu biashara yote ya huko inazunguka na dola. Nenda kwa lenye leseni na uombe risiti, na Ijumaa saa saba usijisumbue, watu wako msikitini. Yule anayekuja kwa WhatsApp na dola za 120 mkutane kwa gari, huyo ni wash wash, tapeli wa dola bandia, na kuuza dola bila leseni ni kosa hata kama noti ni halisi.

Kuhusu kununua mapema, jirani yangu alinunua dola Januari 2024 ilipokuwa zaidi ya 160, kila mtu alisema itafika 200. Kufika mwisho wa Machi ilikuwa karibu 131. Alilia. Mimi sasa nanunua nikishalipa tiketi, nusu ya dola wiki mbili kabla na nusu nyingine wiki ya safari, Jumatano ama Alhamisi asubuhi. Jumamosi wanafunga mapema na Jumapili taoni karibu zote zimefungwa. Ukifikisha dola 10,000 itangaze kwa forodha ukitoka, na Dubai nako wanataka utangaze kuanzia dirham 60,000.

Ukirudi, noti za dirham zilizobaki foreksi zitazinunua lakini kwa bei ya chini, na sarafu za chuma hakuna foreksi imewahi kuzichukua kwangu. Zangu ziko kwa kikopo juu ya friji, dirham kumi na sita, dada wa jirani namkabidhi Jumatatu aanze nazo kwa metro.