Boti ya mifereji Amsterdam: walinikataza kumtafsiria mama yangu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya nahodha. Kampuni yenyewe ningeipa sifuri kama kungekuwa na mahali pa kubonyeza sifuri.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaopanga kwenda Amsterdam na mzazi, au na mtu yeyote asiyejua Kiingereza, na sasa wanahangaika wachague boti ipi. Ratiba, bei, dakika ngapi, hayo yote mtayakuta kwenye tovuti zao, tena na picha za jua kali ambalo hamtaliona. Mimi nina jambo moja tu. Lilitokea kiangazi, na halijanipoa mpaka leo.

Nilikuwa na mama. Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu na asante. Kwa sababu yake nilichagua boti kubwa ya paa la kioo, zile ndefu zinazojipanga majini mbele ya stesheni ya Centraal. Ngazi zake ni chache, kiti kina mahali pa kuegemea, choo kipo, na mvua ikinyesha hamlowi. Walitangaza pia maelezo yaliyorekodiwa kwa lugha chungu nzima. Kiswahili hakikuwemo na wala sikukitegemea. Nikasema nitasikiliza mimi, halafu nimweleze mama taratibu. Kuna ubaya gani hapo?

Mwanzo ulikuwa mzuri, lazima niseme. Boti ikajipenyeza chini ya daraja la kwanza, daraja lenyewe limeshuka mno kiasi kwamba unajikuta umeinamisha kichwa ingawa kuna kioo juu yako, na mama akanishika mkono huku akicheka. Nyumba zikaanza kupita, nyembamba, ndefu, zimebanana, nyingine zimeinama mbele kama zinachungulia maji. Juu kabisa, chini ya ncha ya paa, boriti imetokeza na ndoano yake. Sauti ya kwenye hedifoni ikaeleza kwamba ngazi za ndani ni finyu, kabati halipiti, kwa hiyo mizigo huvutwa kwa kamba kutoka nje na kuingizwa dirishani, na ukuta ukiinama mbele kidogo mzigo haugongi vioo unapopanda. Nikamnong'oneza mama. Akazitazama zile ndoano moja baada ya nyingine, akasema, "Kumbe walijenga kwa akili." Kwangu hapo pesa yangu ilikuwa imerudi.

Sauti ikaendelea: mji umesimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa chini kwenye udongo laini, na ikulu ya uwanja wa Dam peke yake ina nguzo 13,659. Nilipomtajia hesabu hiyo, mama akauliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi angeuliza. "Sasa hiyo miti haiozi?" Sikuwa na jibu, na sauti iliyorekodiwa haiulizwi. Ilishahamia kwenye habari nyingine.

Tukaingia mfereji wa Prinsengracht. Karibu na mnara wa kanisa la Westerkerk mama akaona watu wengi wamesimama kimya, akauliza, "Wale wanangoja nini, mwanangu?" Nikaanza kumweleza. Kwamba kulikuwa na binti wa Kiyahudi akiitwa Anne Frank, alijificha na familia yake kwenye sehemu ya nyuma ya nyumba namba 263 kuanzia Julai 1942, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi. Kwamba hawakutoka nje, na mchana walitembea kwa kunyata ili watu wa chini wasisikie, mpaka Agosti 1944. Mama alikuwa ameniinamia, anasikiliza kwa mwili mzima. Nimefika pale walipokamatwa, nikahisi kidole kinanigonga begani.

Mhudumu. Kijana, fulana ya kampuni, trei ya glasi mkononi. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti iliyowafanya watu wa viti vya jirani wageuke, kwamba abiria wengine wamelipa ili wasikilize, kwa hiyo tunyamaze. Nikamjibu kwa upole kwamba namtafsiria mama yangu, kwa sababu lugha zote walizonazo hazijui. Akasema, "Basi atazame tu. Nyumba ni zile zile kwa lugha zote." Akaenda zake na trei, kuwapelekea bia jamaa waliokuwa mbele wakiimba.

Atazame tu!

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi na kila mara damu inachemka upya. Kila abiria pale alikuwa na hedifoni masikioni. Tulimzuia nani kusikia? Sisi tulikuwa tunanong'ona, vichwa vimegusana. Waliokuwa wakiimba walihudumiwa kwa tabasamu, maana walikuwa wakinunua. Na huyo aliyeambiwa atazame tu ni mama mtu mzima, ana umri wa kumzaa mama yake yule kijana, amekaa ametulia na mkoba wake mapajani, anauliza habari za watoto waliofichwa.

Maneno hakuyaelewa, lakini uso wa yule kijana aliuelewa vizuri. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyamaza, wasije wakatushusha."

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mama yangu, niliyemkatia tiketi kamili sawa na kila mtu mle ndani, alikaa safari yote iliyobaki akidhani anaweza kushushwa kwenye boti kwa kosa la kuuliza. Magere Brug, lile daraja jeupe la mbao juu ya mto Amstel ambalo watu husafiri kuja kuliona, tulipita chini yake na hakuinua macho. Nami sikuwa na moyo wa kumwambia atazame, kwa sababu neno lenyewe lilishachafuliwa.

Sasa nahodha. Nahodha alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, na alikata kona ya mraba na boti ile ndefu, kutoka mfereji mmoja kuingia mwingine, bila kugusa ukuta wala kupandisha sauti ya injini. Tulipofika aliacha usukani, akaja mwenyewe mlangoni, akamshika mama mikono yote miwili, akangoja mpaka miguu yake yote imekanyaga gati ndipo akamwachia. Akasema kitu kwa Kiholanzi na kugusa kofia. Sidhani kama alijua yaliyotokea nyuma. Nyota ni yake.

Lakini ngoja niwaambie na la barua pepe, maana hapo ndipo hata nyota hiyo inaponikwama. Kwenye kibanda cha tiketi niliambiwa malalamiko hupokewa kwa maandishi. Nikaandika, kwa adabu, nikaeleza yote. Jibu likaja baada ya siku kadhaa: asante kwa maoni yako, wahudumu wetu wanalinda utulivu wa abiria wote, pokea kuponi ya punguzo kwa safari yako ijayo nasi. Pole kwa mama haikuwemo. Jina la mama nililitaja, hawakulitaja. Mtu akisoma jibu lile atadhani nililalamikia kiti kilicholowa. Nikifikiria kwamba nyota ya nahodha inaingia kwenye wastani wa kampuni na wala haiingii mfukoni mwake, natamani kuifuta.

Baadaye nilimpeleka mama kwenye boti ndogo ya wazi. Alikataa kwanza. Akasema ameshaona, inatosha, na nilijua kwa nini anasema hivyo. Nilimbembeleza. Mwenye usukani alikuwa mama wa makamo, injini ya umeme isiyo na kelele, abiria wachache tumekaa duara. Kabla ya kung'oa nanga aliuliza kila mtu anazungumza lugha gani. Nilipomwambia, akasema nimkalie karibu, atasema kidogo kisha atasimama ili nitafsiri. Na alifanya hivyo mwanzo mpaka mwisho! Anasema, ananitazama, anangoja, na abiria wengine nao wanangoja, wengine wakimtazama mama waone atasema nini.

Mama akaleta swali lake la miti. Yule mama akafurahi kabisa, akazima injini ili ajibu. Akasema mti ukikaa chini ya maji muda wote, hewa haiufikii, na pasipo hewa kuvu wanaouozesha hawaishi. Hatari huja maji ya ardhini yakishuka: vichwa vya nguzo vinapata hewa, vinaanza kuliwa, na nyumba inatitia. Kubadilisha msingi ni gharama ya kumfilisi mtu. Mama akatikisa kichwa, akaniambia, "Kwa hiyo maji ndiyo yanayoishikilia nyumba." Nilipolitafsiri hilo, boti nzima ilicheka kwa furaha, na mama naye akacheka.

Kwenye mfereji wa Herengracht alituonyesha nyumba namba 502, makazi rasmi ya meya. Kwenye boti kubwa ile sauti ilisema ni nyumba ya mfanyabiashara tajiri, ikapita. Yule mama alimtaja huyo tajiri: Paulus Godin, aliyeijenga miaka ya 1670, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya West India iliyosafirisha Waafrika kuwapeleka utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Akasema mbele ya nyumba hiyo kuna kibao cha kumbukumbu, na kwamba tarehe 1 Julai 2021 meya Femke Halsema aliomba radhi hadharani kwa niaba ya mji. Alilisema akitutazama machoni, bila kuharakisha. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Na hawa majirani zake, nao utajiri wao ulitoka wapi?" Nikatafsiri. Akajibiwa kwamba si wote, ila wengi mkono wao ulikuwemo, katika sukari, katika meli, katika hisa. Hilo ni jambo ambalo mimi na mama tulistahili kuambiwa mara ya kwanza, na kwa kuwa ni Waafrika tulikuwa na haki ya kuliulizia.

Pale Reguliersgracht inapokutana na Herengracht, mahali ambapo madaraja 7 ya matao yanaonekana yamejipanga moja nyuma ya jingine, alisimamisha boti. Mama aliyahesabu kwa kidole, akaanza upya, mpaka akaliona la saba.

Sasa mtasema basi jibu ni boti ndogo. Hapo nasita. Kuingia kwake ni kushuka kutoka kwenye ukingo wa mawe hadi kwenye boti inayoyumba, na tulilazimika kumshika mama huku na huku. Usiku ule magoti yalimuuma. Choo hakuna, paa hakuna, na wingu la Amsterdam halibishi hodi. Kwa mtu mzima boti kubwa ndiyo inayofaa, kwa kila kigezo cha mwili. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa zaidi: walikuwa na kila kitu ambacho mama alikihitaji, wakakosa adabu.

Mkilazimika kupanda kubwa, ulizeni kabla ya kulipa kama anazungumza mtu au rekodi, na mseme waziwazi kwamba mtakuwa mnatafsiri. Wakikunja uso pale kibandani, ondokeni. Baadhi ya hizo boti zina nafasi ya wazi upande wa nyuma, kaeni huko. Na zile zinazotangaza vinywaji bila kikomo ziacheni kabisa, hata mkiambiwa zina maelezo ya lugha zote za dunia. Ndogo nayo, ulizeni mnapandia wapi na kuna ngazi au hakuna. Wenye nafasi ya kufika Brugge, kule Ubelgiji, huko boti za watalii ni za wazi na nahodha ndiye msimuliaji, safari ni kama nusu saa tu. Kwa mzee anayechoka haraka nadhani hiyo nusu saa ni bora kuliko saa nzima ya kufungiwa kwenye kioo.

Kampuni nimeiandikia tena. Kuponi nimewarudishia na fedha sizidai. Nimewaomba barua ya kumwomba radhi mama, yenye jina lake, yenye sahihi ya mtu. Waiandike kwa Kiholanzi wakipenda, nitamsomea mimi. Bado hawajajibu, na mama ananiambia niachane nao. Nimemwambia safari hii, mama, unisamehe, sitaachana nao.