Siku mbili na Hummer ya umeme

Mwenye gari alinikabidhi ufunguo mbele ya nyumba yake viungani mwa Houston, na kabla sijaketi akataka kwanza nijifunze kuondoa paa. Paa la Hummer ya umeme lina vipande vinne vinavyopitisha mwanga. Unafungua komeo la ndani, unakiinua kipande, unakibeba mwenyewe bila kumwita msaidizi, kisha unakipanga ndani ya sanduku lililo chini ya boneti, mahali ambapo Hummer ya zamani ilikuwa na injini ya dizeli ya lita 6.2. Nilisimama kitambo nikilitazama sanduku lile, kwa sababu mimi nimeipenda Hummer tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningefungua boneti yake nikakuta nafasi ya kuwekea mizigo.

Rika langu lililijua gari hili kupitia picha za vita vya Ghuba vya mwaka 1991, likiwa bado gari la jeshi la Marekani linalotengenezwa na AM General huko Indiana. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilianza kuwauzia raia, kwa kiasi kikubwa kutokana na msukumo wa mwigizaji Arnold Schwarzenegger. General Motors ilichukua haki za jina mwaka 1999, ikaleta matoleo madogo zaidi, H2 mwaka 2002 na H3 mwaka 2005. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 2008, General Motors yenyewe ikafilisika mwaka 2009, na mpango wa kuiuza Hummer kwa kampuni ya Tengzhong ya China ukavunjika Februari 2010. Ilipotangazwa tena Oktoba 2020 haikurudi kama chapa inayojitegemea, ilirudi kama gari mojawapo la GMC, chapa ya General Motors, linalotumia umeme mtupu, na wateja wa kwanza walikabidhiwa yao Desemba 2021.

Swali langu kwa siku zote mbili lilikuwa moja: kilichorudi ni jina tu, au ni gari lenyewe? Hummer ya kwanza ilikuwa na umbo lile kwa sababu ya kazi yake. Wahandisi walitaka tumbo la gari liwe juu ya ardhi kwa takriban sentimita 40, kwa hiyo shafti na giaboksi vilipandishwa hadi ndani, na abiria wakakaa wametenganishwa na mgongo mpana kama meza. Ilikuwa tabu kuipanda, lakini tabu hiyo ilikuwa na sababu. Katika Hummer mpya nilibonyeza kitufe, nikasubiri, na gari likajiinua taratibu kwa springi za hewa mpaka likafikia kimo kilekile cha sentimita 40, huku sakafu ya ndani ikibaki tambarare. Hapa sina budi kuwasifu waliolibuni. Wamelichukua tatizo lilelile la zamani wakalitatua kwa njia ambayo mota za umeme na betri iliyolala chini ndizo zilizoiwezesha.

Jambo la pili ni kile wanachokiita mwendo wa kaa. Magurudumu ya nyuma hupinda hadi nyuzi kumi kuelekea upande uleule wa magurudumu ya mbele, na gari zima likasogea bila pua yake kugeuka. Mtu asidhani kwamba linakwenda ubavuubavu kabisa kama kaa wa ufukweni; linakwenda mshazari. Nililijaribu katika uwanja mtupu wa maegesho, baina ya mistari miwili ya rangi nyeupe, na nilipotazama kioo cha pembeni niliona gurudumu la nyuma likiusogelea mstari sambamba na la mbele. Ukiwa njiani kwenye mawe, umebanwa na mti, uwezo huu ni msaada wa kweli.

Mwendo kasi nitausema kwa ufupi. Toleo la kwanza, ambalo bei yake ilikuwa dola 112,595, lina mota tatu na nguvu za farasi 1,000, na linafika kilomita 96 kwa saa baada ya sekunde tatu hivi. Nilifanya hivyo mara moja katika barabara iliyonyooka, na sikutaka kurudia.

Sikutaka kurudia kwa sababu ya uzito, na hapa ndipo mapenzi yangu yalipopungua. Gari hili lina zaidi ya kilo 4,100, karibu sawa na Hiace mbili zisizo na abiria. Betri peke yake inazidi kilo 1,300, maana yake ni nzito kuliko Toyota IST nzima pamoja na injini yake, viti vyake na milango yake. Mwenyekiti wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, Jennifer Homendy, aliitaja Hummer hii kwa jina Januari 2023 alipokuwa akionya kuhusu uzito wa magari ya umeme na hatari yake kwa walio katika magari madogo. Nilikumbuka onyo hilo kila niliposimama kwenye taa nikiwa nyuma ya kigari kidogo, mguu ukiwa tayari kwenye breki mapema kuliko ilivyo desturi yangu.

Uzito huo ndio unaokula umeme. Gari linakwenda takriban kilomita 530 kwa chaji moja, lakini kwa kubeba betri ya zaidi ya kilowati-saa 200, akiba ambayo ingetosha magari matatu ya kawaida ya umeme. Kwenye chaja yenye nguvu, nusu mbili za betri huunganishwa kufikia volti 800 na umeme huingia kwa kasi; kituo cha kwanza nilichokwenda, hata hivyo, kilikuwa na chaja nne na moja tu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, nayo ilikuwa na foleni. Usiku nililichomeka kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani. Kwa volti 120 betri tupu ingehitaji kama siku sita ijae, na asubuhi nilikuta nyongeza ndogo mno kiasi kwamba nilidhani waya umechomoka.

Anayeishi shambani, mwenye njia mbaya kweli na uwezo wa kufunga chaja kubwa nyumbani, atapata gari ambalo nalijua kuwa limetengenezwa kwa heshima kwa jina lake. Mimi kwa bei hiyo nisingelinunua. Ningelikodi tena wikendi ya jua, vipande vinne vya paa vikiwa ndani ya sanduku la mbele, kwa safari ya kwenda Galveston, mji wa pwani ulio karibu na Houston, na kurudi.